Moyo wa kijana, mishipa ya muzee

AFYA YA JAMAA



Mwezi huu tunajibu ulizo lenye vijana wa sekondari wanapenda kuuliza wakati wanafika kwenye somo la moyo na damu. Wanauliza hivi: "Tunasikia kama wanganga wanaweza kutoa moyo ao figo ya mutu mumoja na kuipandikiza katika mwili wa mwengine. Basi, kama muzee anapewa moyo wa kijana, sababu gani haishi tena miaka 50?"

Ni ulizo la akili. Jibu lake fupi ni hili: mara nyingi nyama ya moyo ule haina makosa. Mishipa yake ndiyo inafungwa, pole pole, bila kelele. Na inafungwa sababu mwili wenye kupokea moyo hauachi kupiga sirene, siku kwa siku, mwaka kwa mwaka. Ninyi wenye munaishi katika kambi za kampani munajua sirene ni nini. Inaita watu, watu wanakuja. Lakini sirene yenye haizimike inaleta hasara kuliko hatari yenye iliiwasha. Tufasirie jambo hili hatua kwa hatua.

Mambo ya Cape Town

Tarehe 3 Desemba 1967, katika hopitali ya Groote Schuur, munganga Christiaan Barnard na wenzake walipandikiza moyo wa mutu katika mutu mwengine kwa mara ya kwanza duniani. Ilikuwa Cape Town, chini kabisa ya Afrika, kule kulianzia njia ya reli yenye ilifika Elisabethville, leo Lubumbashi, mwaka 1910. Mugonjwa aliitwa Louis Washkansky. Moyo ulitoka kwa Denise Darvall, binti wa miaka 25 mwenye aligongwa na motokari. Moyo ulipiga muzuri. Lakini kisha siku 18 Washkansky alikufa na ugonjwa wa mapafu, maana dawa zenye walimupa kusudi mwili usikatae moyo mupya zilipunguza pia nguvu yake ya kupigana na mikrobe.

Mwezi mumoja nyuma, tarehe 2 Januari 1968, Barnard alijaribu tena. Mugonjwa wa pili alikuwa munganga wa meno, Philip Blaiberg, mutu wa miaka 58. Moyo ulitoka kwa Clive Haupt, kijana wa miaka 24, mwenye alianguka pembeni ya bahari siku ya Mwaka Mupya, damu ikiwa imemwagika katika bongo lake. Sheria ya ubaguzi ya Afrika ya Kusini ya wakati ule ilimuhesabu Blaiberg kuwa muzungu, na Haupt kuwa mutu wa damu ya kuchanganyika. Hawangeruhusiwa kukaa katika kartie moja. Lakini moyo wa Haupt ulipiga katika kifua cha Blaiberg, na dunia yote ikaandika habari hiyo.

Blaiberg alitoka hopitali kwa miguu yake. Alirudi kwa bibi yake, akaandika hata kitabu juu ya moyo wake. Watu wakafikiri shida imekwisha. Kumbe, tarehe 17 Agosti 1969, kisha miezi 19, alikufa. Wanganga walipofungua ule moyo, walishangaa. Mishipa ya koronari, ni kusema ile mishipa midogo yenye kulisha nyama ya moyo, ilikuwa imezibwa sana, sawa vile mishipa ya mutu mwenye kuzeeka na ugonjwa. Moyo ulitoka kwa kijana wa miaka 24! Mambo yenye kwa kawaida yanaomba miaka 40 ao 50, hapa yalifanyika katika miezi 19.

Tangu siku ile wanganga walianza kujiuliza ulizo lenye vijana wetu wanauliza leo.

Mwili unajua namna gani kama kiungo si chake?

Karibu kila chembe ya mwili wetu inabeba alama juu ya ngozi yake, sawa vile mutumishi anabeba karte ya kampani. Alama hizo wanaziita HLA. Mufaransa Jean Dausset alitambua alama ya kwanza mwaka 1958, na mwaka 1980 alipewa zawadi ya Nobel juu ya kazi ile.  Mutoto anapokea nusu kwa baba na nusu kwa mama. Kwa hiyo, ndugu wawili wa baba na mama mumoja wana bahati moja kwa nne ya kuwa na alama zenye kufanana kabisa. Mapacha wenye kutoka katika yai moja wanafanana kila siku. Ndiyo sababu grefi ya kwanza ya figo yenye ilifaulu sawasawa, ile ya munganga Joseph Murray kule Boston tarehe 23 Desemba 1954, ilifanyika kati ya mapacha wawili, Ronald na Richard Herrick. Mwili wa Richard haukuona mugeni. Aliishi miaka 8 tena.

Lakini watu wengi hawana pacha. Na kwa moyo, hata ukiwa na pacha, hawezi kukupa wa kwake. Basi moyo mupya unaingia na karte ya kampani ingine. Askari wa damu, ni kusema chembe nyeupe, wanaitazama ile karte, wanasema: "Huyu si wa hapa." Kama hakuna dawa ya kuwatuliza, wanauharibu moyo katika siku chache ao majuma machache. Huko ndiko kukataa kwa haraka. Leo wanganga wanajua kukuzuia vizuri.

Ugonjwa wa Blaiberg ulikuwa mwengine. Ni kukataa kwa pole pole, na mahali pake ni katika mishipa.

Ngozi ya ndani yenye kupiga sirene

Fikiri juu ya tuyo ya maji. Tuyo ni chuma tu, haisikii kitu. Mushipa wa damu hauko vile. Ndani yake kuna ngozi nyembamba sana, ya chembe moja tu kwa unene. Jina lake ni endoteli. Ngozi ile inatumika usiku na muchana. Inafanya damu iteleze bila kuganda. Inatoa hewa kidogo yenye kuitwa oksidi ya nitriki, yenye kuambia mushipa: "Ufunguke." Wanganga watatu wa Marekani walipata zawadi ya Nobel mwaka 1998 sababu walionyesha kazi ya hewa ile. Na ngozi hiyohiyo inaambia nyama ya ukuta wa mushipa: "Ulale, usiongezeke."

Katika moyo wenye kupandikizwa, damu ni ya mwenye nyumba, lakini ngozi ya ndani ni ya mugeni. Kila pigo la moyo, askari wa mwenye nyumba wanapita pembeni ya ukuta wa mugeni. Wanakutana hapo saa yote.

Tena ngozi ile ilikwisha kuteswa mbele ya kufika. Wakati bongo la mwenye kutoa linakufa, mwili wake unajaa na alama za hatari. Kisha moyo unakaa katika baridi bila damu, mara nyingi wanajikaza isipite saa 4 hivi. Na wakati damu inarudi ndani kwa nguvu, kurudi kwenyewe kunaumiza chembe. Kwa hiyo endoteli inaamuka na hofu.

Sasa tuangalie ile sirene yenyewe. Wanganga wanaiita inflamasio. Muroma mumoja wa zamani, Celsus, aliandika alama zake ine karibu miaka 2000 yenye imepita: wekundu, uvimbe, moto na maumivu. Kila mutu mwenye alichomwa na mwiba anazijua. Inflamasio si adui. Ndiyo inatuponyesha kidonda. Ubaya ni wakati haifike mwisho.

Inaendelea hivi. Katika chembe yenye kuumia kuna kitu kama kifungio cha sirene, kinaitwa NF-kB. Kinaingia katika kiini cha chembe na kufungua maagizo yenye yalikuwa yamelala. Chembe inaotesha vindoano juu ya uso wake. Askari wenye walikuwa wanapita mbio katika damu wananaswa na vindoano, wanasimama, wanajipenyeza ndani ya ukuta. Pale ndani wanaandika barua na kuzituma kila upande. Barua hizo si karatasi, ni vitu vidogo vyenye chembe inatoa kusudi chembe ingine isikie. Jina lao ni sitokini. Kubwa kati yao ni interferoni gama, TNF, interlekini 1 na interlekini 6.

Angalia sasa ubaya wa mambo. Interferoni gama inafika kwenye endoteli na kuiambia: "Onyesha karte yako vizuri zaidi!" Endoteli inaongeza alama za HLA juu ya uso. Askari wanaona alama nyingi, wanakasirika zaidi, wanatoa interferoni ingine. Sirene inaita askari, na askari wanawasha tena sirene. Pamoja nao damu inatengeneza antikorpo, silaha zenye kushikamana na alama za mugeni, nazo zinaamusha endoteli mara ingine. Na kama mikrobe fulani, zaidi sana virusi yenye kuitwa sitomegalo, inaamuka wakati dawa zimepunguza ulinzi, inaongeza kelele.

Sasa mafundi wanaamuka. Katika ukuta wa mushipa kuna nyama laini yenye ilikuwa imeambiwa ilale. Kisha kusikia barua nyingi, inafikiri kama ukuta umebomoka na unaomba kutengenezwa. Inahamia upande wa ndani, inazaana, inamwaga nyuzi ngumu. Ni kama fundi mwenye anapaka sementi ndani ya nyumba kila siku, juu ya sementi ya jana, sababu hakuna mutu wa kumuambia: "Inatosha." Nyumba haianguke. Lakini chumba kinakuwa kidogo, kidogo tena, mpaka mutu hawezi kupita. Vilevile na mushipa: hauvunjike, unajazwa na matengenezo yake mwenyewe.

Ugonjwa huu haufanani kabisa na ule wa mishipa wa kawaida. Katika ugonjwa wa kawaida, mafuta yanajikusanya mahali pamoja, upande mumoja wa mushipa, na munganga anaweza kupafungua na kuweka kachuma kadogo. Katika moyo wenye kupandikizwa, ukuta unanenepa kuzunguka wote, na mara nyingi kwa urefu wote wa mushipa, mpaka katika matawi madogo kabisa. Munganga atafungua wapi? Ni njia nzima yenye imekuwa nyembamba.

Barua bila askari

Kwa muda murefu wanganga walifikiri ni askari wenyewe wenye kuharibu mishipa kwa mikono yao. Mwaka 2000 watu wa chuo kikuu cha Yale, katika Marekani, kati yao George Tellides na Jordan Pober, walitangaza jaribio lenye lilibadilisha mawazo. Walichukua vipande vya mishipa ya mutu na ya nguruwe, wakaviweka katika panya wenye hawakuwa na ulinzi wa kukataa mugeni. Kisha wakawapa wale panya interferoni gama tu. Hakukuwa na askari wa kushambulia. Lakini ukuta wa mishipa ukanenepa, sawa vile katika ugonjwa wenyewe.

Ni kusema barua peke yake inatosha. Nyama ya mushipa ikisoma ile barua, inaanza kazi yake ya sementi, hata kama hakuna askari karibu. Jambo hilo linatufundisha kama haitoshi kufunga askari. Inaomba pia kutuliza maneno yenye wanaandika.

Ugonjwa usio na maumivu

Hapa, wasomaji wapenzi, ndipo penye hatari kubwa, na tunaomba kila jamaa isome sehemu hii mara mbili.

Mutu wa kawaida, kama mishipa yake ya moyo inaanza kufungwa, mara nyingi anasikia maumivu katika kifua wakati anapanda kilima ao anabeba muzigo. Maumivu yale yanamukaripia: "Simama, enda hopitali." Lakini wakati wanganga wanatoa moyo kwa mutu, wanakata nyuzi za fahamu zenye zilikuwa zinaufunga na bongo. Kwa wamoja nyuzi zinaota tena kisha miaka, lakini si zote. Kwa hiyo mutu mwenye moyo wa kupandikizwa anaweza kuwa na mishipa yenye kufungwa na asisikie kitu. Anakula bukari yake, anacheka na watoto, anasema: "Mimi niko muzima." Kisha siku moja anachoka bila sababu, pumuzi inakuwa fupi, miguu inavimba. Ao anaanguka mara moja na kufa.

Kujisikia muzuri si alama kama mishipa iko muzuri. Ndiyo sababu wanganga wanawaita wagonjwa hao kila mara, hata wale wenye nguvu, kusudi wawapitishie kamupira kembamba katika mushipa wa mukono ao wa paja mpaka kwenye moyo, na kutazama njia za damu kwa picha. Hesabu ya dunia inaonyesha kama kisha miaka 5, karibu watu 3 kwa 10 wenye moyo mupya wana alama za ugonjwa huu. Kisha miaka 10, ni karibu nusu yao.

Na tuseme pia neno lingine waziwazi, sababu tunajua mambo ya kwetu. Mutu akifa mara moja bila kulalamika, kuna wenye wataanza kutafuta mulozi: mukwe, bibi mukubwa, mutoto wa nyumba. Lakini ugonjwa huu unaua hivyo hivyo, bila maumivu mbele. Sababu iko ndani ya mushipa, na munganga anaweza kuionyesha kwa macho. Musimutupie mutu mwenye hana kosa muzigo wa kifo chenye hakuleta. Jamaa yenye kujua namna ugonjwa unatembea haitafukuza mutoto ao mujane nyumbani.

Dawa zenye zilitoka udongoni

Sisi wa nchi ya shaba tunajua kama utajiri unaweza kulala chini ya miguu bila mutu kuuona. Basi sikieni: dawa mbili kubwa za kazi hii zilitoka katika udongo, si kwa kuchimba sana, ni kwa kuokota kidogo tu.

Ya kwanza ni siklosporini. Mwaka 1969 mutumishi mumoja wa kampani ya dawa ya Sandoz, ya Uswisi, alichukua udongo kidogo katika milima ya Norvege. Katika udongo ule walikuta uyoga mudogo sana, na mwaka 1972 munganga Jean-François Borel na wenzake waliona kama kitu chenye unatoa kinatuliza askari wa mwili bila kuwaua wote. Kwa mwaka 1983 Marekani iliruhusu dawa hiyo. Mbele yake, wanganga wengi walikuwa wameacha kupandikiza moyo, sababu katika mwaka 1968 tu zaidi ya watu 100 walipandikizwa duniani na wengi walikufa mbio. Kisha siklosporini, kazi ilianza tena kwa nguvu. Leo wengi kati ya wenye kupata moyo mupya wanapitisha miaka 10.

Ya pili ni sirolimusi. Mwaka 1964 wanganga kutoka Kanada walikusanya udongo katika kisiwa cha Rapa Nui, mbali katikati ya bahari ya Pasifiki. Udongo ule ulikuwa na mikrobe yenye kutoa dawa. Sirolimusi na ndugu yake everolimusi zinafanya kazi mbili: zinatuliza askari, na tena zinamuambia fundi wa sementi: "Pumuzika." Mwaka 2003 wanganga walionyesha kama watu wenye kupewa everolimusi walinenepa mishipa kidogo kuliko wenye kupewa dawa ya zamani yenye kuitwa azatioprini.

Kuko pia statini, dawa za kushusha kolesteroli. Mwaka 1995, kule Los Angeles, walionyesha kama wagonjwa wenye moyo mupya wenye kunywa pravastatini waliishi zaidi na mishipa yao iliharibika kidogo. Dawa hizo hazishushi mafuta tu, zinapunguza pia kelele ya inflamasio.

Lakini hakuna dawa hata moja yenye inazima sirene kabisa na kumuacha mutu bila hatari. Ukizima sirene yote, mikrobe inaingia bila kupingwa, sawa vile ilivyotokea kwa Washkansky. Na mishipa ikikwisha kufungwa sana, kinachobaki ni kupandikiza moyo mwengine, jambo lenye ni la watu wachache tu. Ndiyo sababu kuzuia mapema kunapita yote.

Mambo ya kuchunga nyumbani

Kuna jamaa zenye ndugu alienda ngambo, akapata figo, akarudi nyumbani. Figo pia inapata ugonjwa huu wa mishipa, na mashauri ni karibu mamoja:

Dawa inywewe kila siku kwa saa moja ileile. Kuruka siku tatu sababu franga zimepunguka, ao sababu mutu anajisikia muzuri, ni kuwafungulia askari mulango. Jamaa iweke pembeni franga za dawa mbele ya matumizi mengine, na waseme na munganga mapema, si siku kopo la dawa limekwisha.

Kila munganga na kila mulezi wa wagonjwa aambiwe kama huyu mutu alipandikizwa. Hapa kwetu ni lazima zaidi, sababu katika sehemu za uchimbaji kifua kikuu kiko. Rifampisini, dawa kubwa ya kifua kikuu, inafanya mwili umalize siklosporini mbio sana, na kiungo kinaweza kukataliwa. Inaomba munganga abadilishe kipimo ao achague dawa ingine. Mugonjwa asiamue peke yake.

Chanjo zenye kuwa na virusi hai, mufano ya surua na ya homa ya manjano, kwa kawaida hawapewe watu hawa. Tunda la pampelmusi nalo waliache, maana linapandisha siklosporini katika damu. Na dawa za mizizi zenye hawajui ndani yake kuna nini, wasizichanganye na zile za hopitali.

Tumbako iachwe kabisa. Presha na sukari zipimwe. Homa, hata ndogo, ionyeshwe kwa munganga mara moja.

Na sisi wengine?

Pengine mutu atasema: "Mimi sina moyo wa mutu mwengine. Habari hii inanihusu nini?" Inakuhusu. Zaidi ya miaka 150 yenye imepita, Mudachi Rudolf Virchow alisema kama ugonjwa wa mishipa ya kawaida una inflamasio ndani yake. Mwaka 2017 walitangaza jaribio kwa watu zaidi ya 10,000 wenye walikwisha kupatwa na shambulio la moyo na wenye damu yao ilionyesha inflamasio. Waliwapa wamoja dawa yenye kuzuia barua moja tu, interlekini 1 beta. Mashambulio ya moyo na ya bongo yalipunguka karibu 15 kwa 100, na kolesteroli haikubadilika. Lakini wenye kupewa dawa walikufa na mikrobe kidogo zaidi, na ile dawa haikuingia katika matibabu ya kawaida ya moyo. Ni fundisho lilelile: kelele ya inflamasio inaharibu mishipa, lakini sirene tunaihitaji.

Moyo wenye kupandikizwa ulituonyesha katika miezi 19 jambo lenye kwetu linaenda pole pole katika miaka 40. Mushipa wa kila mumoja wetu una ile ngozi nyembamba ya ndani. Moshi wa tumbako unaiamusha. Presha yenye kupanda inaipiga. Sukari nyingi katika damu inaichoma. Nayo, mara nyingi, hailalamike. Kwa hiyo, muzee mwenye hajapima presha tangu aache kazi, asingoje kusikia vibaya. Na wewe kijana, sigara ya kwanza, yenye rafiki anakupa kwa bure pembeni ya kiwanja cha mupira, inasomwa na mishipa yako siku ileile.

Maulizo ya kuzungumuza katika jamaa

1. Sababu gani moyo wa kijana wa miaka 24 ulionekana kama wa muzee kisha miezi 19?

2. Inflamasio inatusaidia wakati gani, na inatuharibu wakati gani?

3. Kama ndugu yetu anakunywa dawa za kila siku, nani nyumbani anamukumbusha, na franga za dawa zinatoka wapi?

4. Katika nyumba yetu, nani hajapima presha mwaka huu? Ataenda siku gani?